Ozoni na kichocheo kwenye maji ya kunywa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Uchafu unaozungumziwa hapa ni upi hasa?

Ni ule ambao ozoni na kichocheo (kitu kinachoharakisha kazi ya ozoni bila chenyewe kuisha) vinatumika kuuvunja kwenye maji. Sio tope, sio majani, wala sio vijidudu. Hapa tunaongelea kemikali zilizomo kwenye maji kwa kiasi kidogo mno, yani mabaki ya dawa tunazomeza (za maumivu, za kifafa, antibayotiki), homoni za vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za magugu kama atrazini, bisfenoli A ya kwenye plastiki, na hata jiosmini ile inayofanya maji yanuke udongo. Zinapimwa kwa maikrogramu au nanogramu kwa lita. Nanogramu 1 kwa lita maana yake gramu 1 imetawanywa kwenye lita bilioni moja, alafu bado pua ya mtu inaweza kuinusa jiosmini ikiwa nanogramu 10 hivi tu kwa lita.

Kama ni kidogo hivyo, kuna haja gani ya kuhangaika?

Swali zuri na watu wengi wanaliogopa. Dawa nyingi zinazokutwa kwenye maji ya bomba ziko chini sana ya kiwango ambacho daktari anakuandikia, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba glasi moja itakulaza. Shida ni kwamba maji unayanywa kila siku maisha yako yote, na kemikali haziji moja moja, zinakuja zimechanganyika, na homoni kwa asili yake zinafanya kazi mwilini kwa kiasi kidogo sana. Ndo maana hata viwango vinatofautiana: kwa atrazini WHO wanaruhusu maikrogramu 100 kwa lita, wakati Umoja wa Ulaya wanasema kiuatilifu chochote kile kisizidi 0.1, kwa sababu wao wameamua tahadhari ije kwanza. Mimi naona tahadhari ni sawa kabisa, ila mtu ajue anafanya tahadhari na sio kuzima moto.

Kwani kuchemsha, kuchuja na klorini havitoshi?

Kwa vijidudu, kuchemsha ni kuzuri sana. Kwa hizi kemikali hapana. Nyingi hazirukiki na mvuke, kwa hiyo maji yakipungua kwenye sufuria zenyewe zinabaki na zinakuwa nzito kidogo. Mchanga na shabu zinashika vitu vyenye chembe, ila atrazini imeyeyuka kabisa na inapita. Klorini inagusa baadhi tu, na ikishagusa inaweza kuacha kitu kingine chenye klorini ndani yake.

Ozoni ni nini na inatoka wapi?

Ni oksijeni yenye atomi tatu badala ya mbili. Aliyeitambua na kuipa jina ni mkemia Christian Friedrich Schönbein huko Basel, mwaka 1839 kuelekea 1840. Kwenye maji ya kunywa sio kitu kipya hata kidogo, mji wa Nice kule Ufaransa ulianza kuitumia mwaka 1906.

Haiuzwi kwenye mtungi kwa sababu haikai, inavunjika yenyewe, kwa hiyo inatengenezwa palepale kwenye mtambo: unapitisha oksijeni kavu katikati ya vyuma viwili vyenye umeme wa volti kubwa na sehemu ya oksijeni inageuka ozoni. Gesi hiyo inapelekwa chini ya tanki refu na kupulizwa kama viputo vidogo vidogo, maji yanashuka, viputo vinapanda, vinakutana. Kwenye maji ya kunywa dozi huwa ni miligramu 1 mpaka 5 hivi kwa lita.

Sasa kama ozoni ni kali hivyo, mbona peke yake haitoshi?

Hapa ndo kiini cha mambo yote, kwa hiyo nivumilie.

Ozoni ni kali lakini inachagua. Inapenda sehemu za molekuli zenye elektroni nyingi, yani bondi mbilimbili, fenoli, amini. Ikikuta sehemu hiyo inaichana haraka sana. Chukua kabamazepini, dawa ya kifafa: maji yakiwa na miligramu 1 ya ozoni kwa lita, nusu ya kabamazepini inaisha ndani ya sekunde moja tu, hata haifiki. Diklofenaki hivyo hivyo. Sasa weka atrazini kwenye maji yaleyale na ozoni ileile. Kwa ozoni yenyewe nusu yake itachukua kama saa moja na nusu, na ibuprofeni karibu saa nzima, wakati maji kwenye tanki la mtambo yanakaa dakika chache tu, kumi, ishirini. Yani maji yanatoka na atrazini yake karibu yote.

Kuna kitu kingine kinaitwa radikali ya haidroksili. Hiki hakichagui, kinashika karibu kila molekuli ya kikaboni kinayokutana nayo, na spidi yake dhidi ya atrazini ni mamia ya mamilioni ya mara kuliko ya ozoni. Ozoni ikivunjika ndani ya maji inazaa hizi radikali, ila kidogo na bila mpangilio. Kazi ya kichocheo ni kuifanya ozoni ivunjike kwa njia inayozaa radikali nyingi zaidi, mapema, wakati maji bado yako ndani ya tanki.

Kwa hiyo kichocheo kinafanyaje kazi, kinaliwa?

Hakiliwi, kikiwa kizuri. Mara nyingi ni kitu kigumu, vipunje au tabaka lililopakwa juu ya seramiki. Juu ya oksidi za metali kuna vikundi vya haidroksili vimejipanga, ozoni inatua pale, inashikwa, inavunjika, na radikali zinatoka. Njia ya pili ni kwamba uchafu wenyewe unanata juu ya kichocheo na ozoni inaukuta umekaa pale pale. Njia ya tatu ni metali kupokea na kutoa elektroni, manganizi na seriamu ni hodari kwa hilo kwa sababu zinabadilika kutoka hali moja ya chaji kwenda nyingine na kurudi.

Ipi kati ya hizo tatu inaongoza inategemea kichocheo, uchafu na pH ya maji (kipimo cha uasidi wake), na wataalam wanabishana kweli kweli, hasa kuhusu alumina, kuna maabara zinaona inasaidia sana na nyingine haziioni kazi yake kabisa. Usimwamini mtu anayekuchorea mchoro mmoja na kusema ndo hivi, imeisha.

Vichocheo gani vinatumika?

Oksidi ya manganizi, oksidi za chuma kama goethaiti, alumina, oksidi ya titani, oksidi ya seriamu, mkaa amilifu, na michanganyiko yake mingi. Kuna pia vile vinavyoyeyushwa moja kwa moja kwenye maji, mfano ayoni za chuma au manganizi. Hivyo vya kuyeyusha vinafanya kazi lakini kwa maji ya kunywa sivipendi, kwa sababu unaongeza metali kwenye maji alafu unaanza kazi ya pili ya kuitoa.

Mkaa amilifu una jambo lake: unafyonza uchafu na pia unavunja ozoni, ila ozoni nayo inaula mkaa polepole na kubadilisha uso wake, kwa hiyo sio kichocheo cha kudumu kwa maana halisi.

Si kuna haidrojeni peroksaidi na taa za UV, kwa nini nisitumie hizo?

Unaweza, na kwenye mitambo mikubwa peroksaidi pamoja na ozoni ndo njia iliyozoeleka zaidi ya kupata radikali. Faida ya kichocheo kigumu ni kwamba hakuna kemikali ya kununua, kuhifadhi na kupima kila siku, na hakuna mabaki ya peroksaidi yanayokuja kula klorini yako mwishoni. Taa za UV zinakula umeme na zinataka maji maangavu. Kama mtambo wako tayari una ozoni na peroksaidi na unafikia viwango, mimi sioni sababu ya kubomoa. Kichocheo kinavutia zaidi pale unapojenga upya, au pale ambapo kuleta kemikali mara kwa mara ni shida.

Maji yetu ni magumu, yana chumvichumvi nyingi. Itafanya kazi?

Itafanya, ila utalipa zaidi. Bikabonati na kabonati zinameza radikali kabla hazijafika kwenye uchafu, na kabonati ni mbaya mara arobaini na zaidi kuliko bikabonati, kwa hiyo pH ikipanda juu sana unapoteza. Mabaki ya mimea yaliyooza, yale yanayoyapa maji rangi ya chai, nayo yanameza ozoni na radikali pia. Fikiria uwiano wake: uchafu uko kwa nanogramu, hayo mabaki yako kwa miligramu, yani radikali moja inayozaliwa ina uwezekano mkubwa sana wa kukutana na kitu ambacho hukukilenga.

Ndo maana matokeo ya maabara yaliyofanywa kwa maji yaliyotoneshwa hayakusaidii chochote. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu matangazo mengi ya vichocheo yanajengwa juu ya maji safi kabisa yenye uchafu mmoja uliowekwa kwa miligramu, alafu mtu ananunua anaweka kwenye maji ya mto na hakuna kinachotokea. Dai majaribio yafanyike kwa maji yako, msimu wa mvua na wa kiangazi.

Bromati ni nini na kwa nini kila mtu anaitaja?

Maji mengi yana bromaidi, hasa karibu na bahari au palipo na miamba ya chumvi. Bromaidi yenyewe haina neno. Ozoni ikikutana nayo inaigeuza kuwa asidi ya haipobromasi, alafu hatua kwa hatua mpaka bromati, na bromati imewekwa kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. WHO, Umoja wa Ulaya na Marekani wote wanasema isizidi maikrogramu 10 kwa lita. Ikishaundwa kuitoa ni kazi kubwa, kwa hiyo dawa yake ni kuizuia isiundwe.

Bromaidi ikiwa chini ya maikrogramu 50 kwa lita kwa kawaida unalala usingizi. Ikipita 100 anza kuwa makini. Unaweza kushusha pH kidogo, au kuongeza amonia kidogo ili ishike ile haipobromasi isiendelee mbele, au kugawa dozi ya ozoni iingie sehemu kadhaa za tanki badala ya kumwaga yote mwanzoni. Baadhi ya vichocheo, oksidi ya seriamu ikiwemo, vimeonyesha kwenye maabara kwamba vinapunguza bromati, na hiyo ni faida kubwa, ila usichukulie kwamba kila kichocheo kinafanya hivyo, vingine vinaweza kuongeza. Pima. Kabla hata hujauliza bei ya mtambo, pima bromaidi ya maji yako.

Dawa ikivunjika inakuwa nini? Au inaisha kabisa?

Mara nyingi haiishi. Watu wanaona grafu inashuka mpaka sifuri na wanafurahi, lakini kilichoshuka ni molekuli ya mwanzo tu. Atrazini inapoteza mkia mmoja na kuwa desethili-atrazini, ambayo bado ina ile pete ngumu katikati. Molekuli nyingine zinaishia kuwa asidi ndogo ndogo kama oksaliki na asetiki, na hizo ozoni peke yake karibu haizigusi, ila kichocheo kizuri kinaweza kuzimaliza mpaka kaboni dioksaidi. Kwangu mimi hiyo ndo sifa halisi ya kichocheo, kupunguza kaboni yote ya kikaboni, sio kufuta jina moja kwenye orodha.

Na kuna mfano ambao kila mtu wa maji anapaswa kuujua. Dawa ya kuvu iitwayo tolilfluanidi ikivunjika udongoni inaacha kitu kidogo kinaitwa DMS, kisicho na madhara makubwa, kinapenya mpaka kwenye maji ya chini ya ardhi. Huko Ujerumani iligundulika kwamba maji hayo yakipitishwa kwenye ozoni, DMS inageuka NDMA, ambayo inahofiwa sana kwa saratani hata ikiwa kwa nanogramu. Yani mtambo wa kusafisha ndo ulikuwa unatengeneza sumu. Sisemi hivi ili muiogope ozoni, nasema ili mjue kwamba unatakiwa kuangalia kinachotoka, sio kilichopotea tu.

Kwa nini baada ya ozoni panawekwa filta ya bakteria? Si tunaua bakteria?

Ozoni inakata molekuli kubwa za mabaki ya mimea kuwa vipande vidogo, aldehaidi, ketoni, asidi, na vipande hivyo ni chakula kizuri cha bakteria. Ukiyaachia maji yaende kwenye mabomba hivyo hivyo, bakteria watakula na kuzaana huko ndani. Kwa hiyo unaweka filta ya mchanga au mkaa amilifu yenye bakteria wasio na madhara, wale hicho chakula humo ndani ya filta, na wanamalizia pia baadhi ya mabaki ya uchafu. Ozoni iliyobaki iishe kabla ya kufika hapo, la sivyo unawaua wafanyakazi wako.

Kichocheo chenyewe hakiingii kwenye maji?

Kinaweza, na hili ndo swali la kumuuliza muuzaji kabla ya mengine yote. Metali inatoka kidogo kidogo, na ajabu ni kwamba ile asidi ya oksaliki inayozaliwa wakati wa kuvunja uchafu inashika chuma na manganizi na kuyavuta yatoke kwenye uso. Kwa manganizi WHO wameweka kiwango cha maikrogramu 80 kwa lita. Dalili moja utaiona kwa macho: manganizi iliyoyeyuka ikikutana na ozoni iliyozidi inageuka pamanganeti na maji yanakuwa ya pinki. Ukiona pinki kwenye tanki, hata hafifu, simamisha.

Vichocheo vyenye kobalti au nikeli mimi kwa maji ya kunywa nisingevigusa, hata vikiwa na spidi ya namna gani.

Kinadumu muda gani?

Inategemea maji. Kinachokichosha ni tabaka la mabaki ya mimea kuganda juu yake, fosfeti kukalia zile sehemu ambazo ozoni inatua, chokaa kuganda, na vipunje kusagika vikigongana. Kuna vinavyorudishwa kwa kuvichoma kwa joto kali. Ukipewa matokeo ya jaribio moja la nusu saa hujapewa kitu, taka kuona mizunguko mingi mfululizo, kwa kichocheo kilekile.

Inaondoa PFAS, zile kemikali za viwandani zenye florini?

Hapana. Bondi ya kaboni na florini ni ngumu kupita kiasi, hata radikali ya haidroksili inashindwa, na mbaya zaidi kuna kemikali ndefu za familia hiyo ambazo zikikatwa zinageuka PFOA, moja ya hizo PFAS, kwa hiyo kipimo kinaweza kupanda baada ya ozoni. Kwa PFAS tumia mkaa amilifu, resini za kubadilishana ayoni au memburani. Anayekuambia ozoni na kichocheo vinamaliza kila kitu anakudanganya.

Na vijidudu?

Hapo ozoni ni bingwa, inaua hata kriptosporidiamu ambayo klorini inashindwa nayo. Mwaka 1993 kriptosporidiamu iliingia kwenye maji ya mji wa Milwaukee kule Marekani na watu wanaokadiriwa 400,000 waliugua, na baadae mji ukaweka ozoni. Ila angalizo: kichocheo kikivunja ozoni haraka mno, ozoni inayobaki ya kuua vijidudu inapungua. Kama unategemea ozoni kwa kazi zote mbili, weka sehemu ya kwanza ya tanki bila kichocheo.

Na klorini kidogo mwishoni bado inahitajika, ozoni haikai kwenye bomba.

Umeme je?

Kutengeneza kilo 1 ya ozoni kutoka kwenye oksijeni kunakula kama kilowati-saa 10, ukiacha kutengeneza oksijeni yenyewe, kupoza na pampu. Kwa dozi ya miligramu 2 kwa lita, maji lita 1000 yanataka gramu 2, yani kilowati-saa 0.02. Sio kubwa kama watu wanavyodhani.

Naweza kuweka nyumbani kile kimashine kidogo cha ozoni?

Kwa uchafu wa aina hii sikushauri. Vimashine vingi vinatumia hewa ya kawaida isiyokaushwa, ozoni inayotoka ni kidogo na inakuja na oksidi za naitrojeni zinazotengeneza asidi, huna namna ya kupima bromati, na gesi inayobaki inaingia chumbani. Nyumbani filta ya mkaa amilifu inayobadilishwa kwa wakati itakufaa zaidi.

Gesi yenyewe sio ya mchezo. Kazini kiwango kinachotumika sana ni sehemu 0.1 kwa milioni hewani kwa saa 8, inachoma mapafu, ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inatulia mashimoni na vyumba vya chini, na pua yako inazoea harufu haraka, usiitegemee. Mtambo lazima uwe na kengele ya kupima hewa na kifaa cha kuivunja gesi inayotoka juu ya tanki.

Nitajuaje kichocheo kinafanya kazi kweli?

Taka majaribio manne yaliyofanywa kwa maji yaleyale: ozoni peke yake, kichocheo peke yake bila ozoni, vyote pamoja, na vyote pamoja ukiongeza kitu kinachomeza radikali kama tert-butanoli. Kama kichocheo peke yake bila ozoni kinashusha uchafu karibu sawa na vyote pamoja, basi kinafyonza tu na kikijaa kazi imeisha. Kama tert-butanoli haibadilishi kitu, radikali sio zinazofanya kazi unayoambiwa.

Ozoni iliyoyeyuka inapimwa kwa rangi ya indigo. Unachukua chupa ndogo yenye indigo ya bluu iliyotiwa asidi, unaingiza maji kutoka tanki, na bluu inapauka palepale kulingana na ozoni iliyopo, alafu kipima rangi kinakupa namba. Chukua chupa moja kutoka tanki lisilo na kichocheo na nyingine kutoka lenye kichocheo, kwa dakika ileile: ya pili inatakiwa ibaki na bluu zaidi, maana ozoni imeshavunjika. Lakini ozoni kuvunjika sio ushahidi kwamba radikali zimezaliwa, inaweza kuwa imerudi oksijeni tu na umeme umepotea. Kwa hiyo weka pia asidi ya parakloro-benzoiki, ambayo ozoni karibu haiigusi na radikali zinaila haraka, na ufuatilie inavyopungua. Na sampuli za bromati zichukuliwe siku ya dozi ya juu kabisa, sio siku ya dozi ndogo.